Mbuzi Wangoje Kwanza

Goma, Birere, 19 Februari 2024

Yaya Ernestine,

Dada yangu mukubwa, nyumba nzima inakusalimia, kila mutu kwa zamu yake. Sisi wazima. Mabomu yanalia upande wa Sake usiku na muchana, lakini bado hayajatuuliza jina. Muke wangu Eugénie anasema ile chumvi ya Katwe uliyotuma ilifika nusu, dereva alikula nusu ingine. Depo yangu ya vitenge haiko tena depo. Kuna mama wa Masisi anaitwa Nyirakamana, alikuwa anakimbilia kambi ya Mugunga na watoto wake na mama yake muzee. Mvua ikawakuta mbele ya mulango wangu, Eugénie akasema waingie wakauke kidogo. Mupaka leo wanakauka. Ni watu wazuri, ila choo chetu ni kimoja, na asubuhi tunapanga mustari kama siku ya kura.

Habari ya furaha: binti yetu Olive amepata muchumba. Anaitwa Dokta Nshobole, mutoto wa Bukavu, anafanya kazi katika kliniki moja hapa mujini. Kijana mupole, ananawa mikono hata mbele ya kunisalimia. Nimewaambia watu wake kwamba kwetu Wanande mahari ni mbuzi, na ninataka mbuzi wenye miguu, hapana bahasha. Watawapakia boti kule Bukavu mupaka bandari yetu ya Kituku. Arusi ni Desemba, Mungu akitaka na vita ikikubali.

Sasa neno lenyewe. Ninaandika kwa sababu simu siitaki. Tangu lile bomu liharibu sikio langu la kushoto, simu yangu inaongea kwa sauti ya juu na Birere nzima inasikia pamoja nami. Ni hivi: padri aliomba damu kwa ajili ya majeruhi wa Sake. Mimi nilisimama wa kwanza, nikakunja shati mbele ya parokia yote, hata Wamama wa Legio ya Maria wakapiga makofi. Kisha watu wa labo wakaniita pembeni. Walisema damu yangu haiwezi kupewa mutu, iko na hepatiti B, tena ya siku nyingi. Yaya, nimeuza vitenge tangu ujana, sijarudishiwa hata pande moja kwa ubaya wake. Leo wamenirudishia damu.

Nimejitengea sahani yangu na kikombe changu. Eugénie anafikiri nimekuwa na kiburi.

Kabla sijasahau: unamukumbuka rafiki yangu Habarurema, muuza maziwa? Anasema anaona damu kidogo akienda chooni. Ameniomba nikuulize wewe muforomo, muuguzi wa watu, kama ni kitu. Mimi nimemwambia ni pilipili.

Mudogo wako anayekuheshimu,
Julien


Butembo, 14 Machi 2024

Mudogo wangu Julien,

Barua yako imefika ikinuka samaki, sijui ilipitia wapi. Huku kwetu ukungu kila asubuhi, na mimi bado niko kwenye santé, kituo chetu cha afya, ninapokea watoto wa watu. Juzi nilizalisha mutoto wa mutoto niliyemuzalisha mwenyewe, nikajua nimezeeka. Tulienda kupalilia kaburi la mama. Maua uliyotuma ng'ombe wa jirani alikula, lakini nia ilifika.

Nimefurahi kwa Olive. Mwanaume anayenawa mikono ni zawadi.

Sasa rudisha ile sahani kabatini. Virusi ya hepatiti B haipandi kwenye sahani wala kikombe wala kiti. Inapita kwa damu, kwa mambo ya kitanda, na kwa mama kumupa mutoto wakati wa kuzaa. Nafikiri wewe uliipata kwa mama yetu, Mungu amurehemu, naye hakujua. Ndiyo maana ninafikiri sana juu ya yaya wetu Kambale, kaka yetu mukubwa. Tumbo lake lilivimba, macho yakawa njano, tukasema watu wamemupa karuho, sumu ya wivu. Mupaka leo hatusalimiani na jirani yule. Mimi sasa naona Kambale aliuawa na ini lake. Eugénie na Olive wapimwe, na asiyekuwa nayo achomwe chanjo. Hiyo si ombi.

Juu ya Habarurema. Muulize swali moja: yeye pia ana hepatiti B ya siku nyingi? Kwa sababu wataalamu wa inchi mbalimbali wamefuata watu wenye virusi hiyo, wakaona kwamba wanapata uvimbe wa kansa kwenye utumbo mupana mara nyingi kidogo kuliko wengine. Wote hawajakubaliana, na sababu yenyewe hawajaijua vizuri. Si kusema mwenye hii lazima atapata ile. Lakini mwanaume aliyepita miaka makumi tano, mwenye damu ya namna hiyo, naye anaona damu chooni, hana ruhusa ya kusema pilipili. Lazima aangaliwe ndani kwa bomba lenye kamera. Mwambie Habarurema kamera inaingilia wapi. Mwambie polepole, akiwa amekaa.

Ubaki na amani na utii,
Ernestine


Goma, 9 Aprili 2024

Yaya,

Sisi tungali tunahema. Nyirakamana amepanda lengalenga nyuma ya depo, sasa tunakula mboga ya mukimbizi, dunia imegeuka. Eugénie amepimwa, hana kitu, amechomwa chanjo na Olive vilevile. Sahani nimerudisha. Nilieleza kila kitu mezani, Eugénie akacheka, kisha akalia, kisha akasema afadhali hepatiti kuliko kiburi.

Habarurema amekataa. Nilimwambia polepole, akiwa amekaa, akasimama. Ana hoja zake, nami naziona nzuri. Ini iko juu, utumbo uko chini. Virusi ya ini inatafuta nini kule chini? Hata sisi wa Kivu tunajua mipaka ni nini, ingawa hakuna anayeiheshimu. Pili, mutu mwenye watoto wakubwa hawezi kulala ubavu mbele ya vijana na kugeuzwa kama samaki sambaza kwenye mafuta. Tatu, amesikia kwamba kabla ya kamera unakunywa dawa ya kusafisha tumbo. Katika nyumba yenye choo kimoja na mustari wa wakimbizi? Habarurema anasema hiyo itakuwa vita ya pili.

Kwake hakuna wakimbizi, ni kweli. Lakini wanaweza kuja.

Usimusikilize Nyirakamana akikuletea salamu kupitia Eugénie. Amesema papa wa nyumba anakawia chooni na anatoka na uso wa mutu aliyeona polisi. Ninasoma gazeti humo, ni hayo tu.

Na wewe, Yaya? Tulitoka tumbo moja. Damu yako waliiangalia?

Wako kati ya vitenge,
Julien


Butembo, 2 Mei 2024

Julien,

Huku mvua imekata daraja dogo la kwenda sokoni, tunavuka tukishika sketi. Waumini wa parokia wamenichagua tena kuwa mukubwa wa Wamama, kwa sababu hakuna mwingine anayependa kugombana.

Nimesoma hoja za Habarurema. Ni hoja za mutu mwenye hofu, na hofu si zambi. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, na mimi nimeona wengi walioumbuliwa hivyo kwenye vitanda vyetu. Uvimbe ukikutwa mudogo unatolewa siku ileile, mutu anarudi kula sombe. Ukingojwa, hata daktari mwenye mashine anabaki kukushika mukono tu.

Kwa hiyo ninatuma poda ya kusafisha tumbo kwa mama mumoja muchuuzi anayeshuka Goma. Inachanganywa na maji mengi, inanywewa siku moja kabla ya kamera. Mwambie Habarurema asiinywe siku ya safari, wala siku ya misa, wala mbali na choo. Watu wanasema kuna kliniki pale Goma imepata kamera hiyo. Tafuta.

Mimi nilikubeba mugongoni, Julien. Nilikupangusa mwenyewe hapo unapoita heshima, tena kwa majani ya ndizi. Mwambie na hiyo Habarurema.

Ernestine


Goma, 11 Juni 2024

Yaya yangu,

Sijui nianzie wapi, na salamu utanisamehe, zitakuwa fupi: wazima wote, isipokuwa Habarurema.

Poda yako ilifika nikiwa sokoni. Eugénie alipoipokea aliniuliza ni ya nani. Nami, kwa kuwa ulimi wangu ulikuwa umezoea njia, nikasema ni ya Habarurema, maskini, tumbo lake si zuri. Unamujua Eugénie na roho yake. Jumamosi ya kuamkia Pentekoste alivaa kitenge kizuri, akamupelekea yeye mwenyewe, pamoja na pole nyingi na ndizi. Bibi ya Habarurema alipoona watu wanaletea bwana yake pole, akaanza kulia. Habarurema mwenyewe, mutu ambaye hajawahi kukataa kitu cha bure, akaona dawa imetoka kwa muforomo wa Butembo, akainywa yote asubuhi kabla ya misa.

Yaya, yeye ndiye anaongoza kwaya. Alianzisha Aleluya ya kwanza vizuri. Ya pili akaianza na kuiacha, akatoka kwa mulango wa pembeni akiwa ameshika joho lake kwa mikono miwili. Kwaya ilibaki inamungojea. Padri alifikiri Roho Mutakatifu ameshuka.

Alikuja kwangu jioni, mwepesi kama karatasi, akauliza kwa nini Birere yote inamwambia pole. Nikamwambia ukweli, na sasa nakwambia na wewe, ingawa najua ulijua tangu barua ya kwanza. Habarurema ni mimi. Damu ni yangu. Ilianza mbele ya Noeli. Alinisamehe, tena alisema tangu utoto hajawahi kusikia tumbo lake likinyamaza hivyo.

Basi nikajikaza. Nilienda kwenye hiyo kliniki yenye kamera, nimevaa kofia na miwani nyeusi, nimejiandikisha kwa jina la Carlos. Wakanivua suruali, wakanipa shati lililo wazi nyuma, wakaniambia mwenye kamera anakuja. Mulango ukafunguka. Nshobole. Muchumba wa Olive, amenawa mikono, anatabasamu, anasema karibu Papa Carlos. Jina la kliniki yake sikuwahi kuliuliza, na hapa Goma mwenye kujua kamera hiyo ni yeye tu. Nilitoka nje na shati lao, suruali nikavaa kwenye moto, ile pikipiki ya abiria, dereva wa moto ni shahidi.

Unajua desturi yetu. Mukwe hali sahani moja na baba mukwe wake, hakai kwenye kitanda chake, hata Kituku hatuogi ng'ambo moja. Sasa aangalie huko? Halafu aniombe mutoto? Kwa hiyo shauri limekwisha. Nimewatumia watu wa Bukavu neno kwamba mbuzi waje upesi, wasingoje Desemba, vita hii haina kalenda. Wamekubali, watafika mwezi wa nane. Tutafanya arusi, tutakula, na Mungu ataangalia tumbo langu yeye mwenyewe, yeye hana desturi.

Hukunijibu nililokuuliza juu ya damu yako.

Julien


Butembo, 20 Julai 2024

Mudogo wangu,

Barua yako ilikawia kwa sababu ya Kanyabayonga. Muji ule ulipoanguka, watu waliingia Butembo na magodoro vichwani, sasa na mimi nina watu wanaokauka sebuleni kwangu. Ninakuandikia nikiwa jikoni, ndiyo nafasi iliyobaki. Nilicheka juu ya Habarurema mupaka wakimbizi wakatoka kuangalia kama nimepata habari mubaya. Kisha nilipofika kwenye neno la Noeli sikucheka tena.

Julien, sikia. Hukimbizi mbuzi kwa ajili ya vita. Unawakimbiza ili upate pa kujificha nyuma yao. Mbuzi wakivuka mulango wako, Nshobole anakuwa mukwe, desturi inafunga suruali yako, na wewe unakufa kwa heshima zote. Nakujua tangu ulipokuwa unajificha chini ya kitanda siku ya chanjo.

Lakini umesahau desturi yenyewe inavyosema. Baba yetu alisema mara nyingi, na wewe ulikuwepo: mutu asiyeleta mbuzi si mukwe, ni mugeni anayependa kupita karibu na nyumba. Mupaka siku ile mbuzi watashuka botini, yule kijana kwako ni dokta tu. Basi nenda sasa. Nenda kesho. Mbuzi wangoje kwanza. Poda ingine iko ndani ya furushi hili, na nimeandika juu yake jina lako kwa herufi kubwa, Eugénie asikosee tena.

Umeuliza mara mbili juu ya damu yangu, nami nimepita pembeni mara mbili. Walinipima wakati walipochanja waforomo. Mimi hawakunichanja, kwa sababu nilikuwa nayo tayari. Ni miaka mingi sasa. Ninafuatwa ini, ninakunywa kidonge, sikumwambia mutu. Mukubwa wa Wamama hapendi kuhurumiwa. Na tangu Pasaka tumbo langu limebadilisha tabia, na sketi zangu zinazunguka kiunoni. Kamera hapa hatuna. Mimi nimejiambia ni uzee na njaa ya vita.

Usinijibu juu ya hilo. Nenda kwa dokta.

Ernestine


Goma, 24 Agosti 2024

Yaya Ernestine,

Nimekwenda.

Siku ya poda, Nyirakamana alichukua madaraka. Alipeleka watoto wote kwa choo cha jirani, akaweka kiti mbele ya mulango wa choo chetu, akakaa hapo na mwiko. Hata Eugénie hakupita. Mwanamke aliyekimbia vita mara nne, alisema, anajua kulinda sehemu. Sitakueleza nilichopitia humo ndani. Ile ya Habarurema ilikuwa Aleluya moja, yangu ilikuwa misa nzima.

Kliniki nilienda bila miwani. Nshobole aliingia, akaniona, akafunga mulango. Nilimwambia maneno niliyokuwa nimeyashika kichwani njia yote: kwamba mbuzi hawajafika, kwa hiyo hatujuani. Aliinamisha kichwa, akasema: "Papa, leo mimi ni mikono tu. Macho yangu nitayasahau hapa."

Kisha akanipa sindano, nikalala, sikuona heshima yangu ikienda wala ikirudi.

Walikuta kinyama kimoja kwenye utumbo, akakitoa palepale, kikaenda kupimwa. Majibu yalikawia, na siku zile nilikuwa nauza kitenge cha maua kwa bei ya kile cha kawaida bila kujua. Jana ameniita. Alisema kilikuwa kimeanza kuharibika, lakini hakikuwa kimetoka mahali pake. Kimekwisha chote. Nitarudi kuangaliwa kila muda, na ini nalo nimeanza kidonge kama wewe. Nikamuuliza, na kama ningengoja Desemba? Alienda kunawa mikono. Yaya, nilikaa kwenye ngazi ya kliniki nikalia kama mutoto, madereva wa moto wakafikiri nimefiwa.

Sasa nisikie wewe. Nyani haoni kundule. Umenipigia ngoma ya kamera tangu Machi, na wewe sketi inakuzunguka kiunoni unasema uzee. Umeniambia nisijibu. Ninajibu.

Mbuzi wamefika Kituku tangu juzi, pamoja na wajomba wa Nshobole katika makoti yao. Nimekataa kuwapokea. Nimewaambia shangazi wa bibi arusi bado hajafika, na bila yeye hakuna mahari. Ukweli anaujua Nshobole peke yake, naye amenikubalia. Ninajua desturi, na ninakujua wewe. Nikipokea mbuzi hawa leo, kesho utakuwa mama mukwe wake, utasema hawezi kukuangalia, na utakufa kwa heshima zote, kama nilivyotaka mimi. Kwa hiyo mbuzi wamefungwa pale kwa wauza samaki. Wamekula vikapu viwili na pande la kitenge cha mama mumoja, ninalipa mimi. Wajomba wananuna. Olive haongei nami tangu jana, anapika bila chumvi.

Waache wote wakasirike. Kambale tulimuzika na uongo juu ya kaburi lake, kwa sababu hakuna aliyemuangalia. Sitakuzika wewe hivyo. Ninakupenda, Yaya, sijawahi kuliandika neno hilo kwa mutu wa nyumba yetu na mukono wangu unaona haya. Njia ya Kanyabayonga imefungwa, pitia Uganda. Kuja.

Julien


Kasindi, kwenye mupaka wa Uganda, 6 Septemba 2024

Julien,

Hapa joto, vumbi, na foleni. Wakimbizi wangu wamebaki na ufunguo wa nyumba, wamenifungia mikate njiani. Kibali changu cha kuvuka kitatoka kesho, kwa hiyo barua hii ninampa dereva wa lori la maharagi anayetangulia.

Nimesoma barua yako mara nyingi ndani ya basi. Nilitaka kukasirika, nikakosa mahali. Ninaogopa, mudogo wangu. Nimesimama pembeni ya vitanda vya watu maisha yangu yote, sijui kulala juu yake.

Waambie wajomba wanywe chai, waongeze majani kwa mbuzi. Nyirakamana aandae kiti chake na mwiko. Na yule kijana wako mwambie anawe mikono vizuri, na asithubutu kuniita mama mupaka niwe nimekwisha kuvaa.

Ernestine